Chachu za Ghalani na Chachu za Shambani: Historia ya Udhibiti wa Kuvu za Zabibu kwa Kutumia Chachu za Mvinyo, 1845–2016

Utangulizi

Mwanzoni mwa Agosti 1878, Louis Pasteur aliagiza nyumba za vioo zijengwe haraka juu ya sehemu ya shamba lake dogo la mizabibu karibu na Arbois, mashariki mwa Ufaransa. Zabibu zilikuwa bado mbichi. Claude Bernard, mwanafiziolojia aliyeheshimiwa sana na Pasteur mwenyewe, alikuwa amefariki mwezi Februari mwaka huohuo, na Marcellin Berthelot alikuwa ametoka kuyachapisha maandishi ambayo marehemu hakuyakamilisha. Maandishi hayo yalidokeza kwamba maji ya zabibu yaweza kuchachuka yenyewe, pasipo kiumbe hai chochote. Pasteur hakukubali. Hoja yake ilikuwa kwamba chachu hutoka nje ya tunda na hulifikia ganda wakati tunda linapokaribia kuiva. Kwa hiyo tunda lililokingwa mapema halina budi kubaki bila kuchachuka. Ilipofika Oktoba, zabibu za ndani ya vioo, ambazo baadhi ya vichala vyake vilikuwa vimezungushiwa pamba, zilipondwa na kuachwa. Hazikuchachuka. Zabibu za nje zilichachuka kama ilivyo desturi yake.

Wanahistoria wa sayansi wamezoea kulieleza tukio hili kama ushindi katika mjadala wa asili ya uchachu. Insha hii inalisoma kwa jicho jingine. Jaribio la Arbois lilithibitisha, pengine bila ya Pasteur kulitilia maanani, kwamba ganda la zabibu ni makazi, na makazi hayo yana wakazi wanaofika kwa msimu. Kama ni hivyo, swali lililopaswa kufuata ni hili: wakazi hao hufanya nini juu ya tunda kabla ya tunda kukatwa na kupelekwa ghalani? Je, wanagombania nafasi na chakula na viumbe wengine, hususan kuvu zinazoozesha zabibu? Swali hilo halikuulizwa kwa uzito hadi miaka ya 1980, yaani baada ya takribani karne nzima. Madai ya insha hii ni kwamba ucheleweshaji huo haukutokana na upungufu wa vifaa wala wa maarifa. Ulitokana na mgawanyo wa kazi uliojengwa katika nusu ya pili ya karne ya 19, ambapo chachu zilikabidhiwa kwa wataalamu wa ghala la mvinyo, na kuvu zikakabidhiwa kwa wataalamu wa magonjwa ya mimea pamoja na wauzaji wa dawa.

Jambo moja la istilahi linahitaji kuwekwa wazi mapema. Msomaji wa Kiswahili anaijua hamira, ile ya maandazi na mikate, na wengi hulitumia neno chachu kama kisawe chake. Hamira ya dukani ni spishi moja tu, Saccharomyces cerevisiae, na ndiyo hiyohiyo inayogeuza sukari ya zabibu kuwa kileo. Katika insha hii neno chachu limetumika kwa kundi zima la viumbe wa seli moja wa aina hiyo. Neno ukungu limetumika kwa kile ambacho jicho hukiona juu ya tunda lililooza, na kuvu kwa kiumbe chenyewe. Hata hivyo, kwa mujibu wa biolojia, chachu nazo ni kuvu. Kwa hiyo tunachokizungumzia hapa ni kuvu zinazozuia kuvu nyingine, na tutaona mbele kwamba undugu huo una maana yake.

Salfa na mrututu

Mwaka 1845, mtunza bustani aitwaye Edward Tucker aliona vumbi jeupe kwenye mizabibu aliyoitunza huko Margate, Uingereza. Mchungaji na mtaalamu wa kuvu Miles Joseph Berkeley aliupa ugonjwa huo jina la Oidium tuckeri mwaka 1847, akimuenzi mtunza bustani huyo. Ndio ugonjwa tunaouita leo ubwiri unga. Ulivuka bahari hadi Ufaransa, na kufikia mwaka 1854 uzalishaji wa mvinyo wa nchi nzima ulikuwa umeporomoka hadi takriban hektolita milioni 11, kiwango ambacho ni sehemu ndogo tu ya mavuno ya kawaida ya miaka iliyotangulia. Tiba iliyopatikana ni unga wa salfa. Ulinyunyizwa juu ya majani na vichala, na ulifanya kazi.

Mkulima wa korosho wa Mtwara au Lindi hahitaji kuelezwa zaidi. Anaijua salfa, anajua mashine ya kuipulizia na harufu inayobaki kwenye nguo, maana ubwiri unga wa mikorosho unadhibitiwa kwa njia ileile iliyookoa mizabibu ya Ufaransa katika miaka ya 1850.

Dawa ya pili ilizuka kwa bahati. Mnamo Oktoba 1882, Pierre-Marie-Alexis Millardet, profesa wa botania wa Bordeaux, alipita katika shamba moja la Saint-Julien huko Médoc, akaona kwamba mizabibu iliyokuwa kando ya barabara bado ina majani mabichi, ilhali ile ya ndani ilikuwa imepukutika kwa ubwiri vinyoya. Alipouliza, aliambiwa kwamba mizabibu ya kando imenyunyiziwa mchanganyiko wa mrututu na chokaa ili rangi yake ya buluu iwatishe wapita njia wenye tabia ya kuiba zabibu. Baada ya majaribio ya kina, akisaidiwa na mkemia Ulysse Gayon, Millardet alitangaza mchanganyiko huo mwaka 1885. Jina lake, mchanganyiko wa Bordeaux, limedumu hadi leo.

Mambo haya mawili yamesimuliwa mara nyingi, na hapa yanatajwa kwa sababu moja tu. Salfa na shaba zilijenga mazoea ya fikra. Zilimfundisha mkulima na mtaalamu kwamba ganda la tunda ni uso mtupu unaopaswa kufunikwa kwa dawa, na kwamba usalama wa tunda unapimwa kwa kutokuwepo kwa kiumbe chochote juu yake. Katika fikra ya namna hiyo hapakuwa na nafasi ya kiumbe anayelinda.

Mgawanyo wa kazi

Wakati huohuo, upande wa ghala, mambo yalikwenda kwa namna tofauti. Mwaka 1883, Emil Christian Hansen wa maabara ya Carlsberg jijini Copenhagen alifanikiwa kuotesha chachu ya bia kutokana na seli moja tu. Mbinu hiyo ilihamia kwenye mvinyo haraka. Huko Geisenheim, kando ya mto Rhine, Hermann Müller-Thurgau aliihimiza, na mwaka 1894 kituo cha kuzalisha chachu safi kilianzishwa hapo chini ya Julius Wortmann. Mtengenezaji wa mvinyo aliweza sasa kuagiza chachu kwa chupa na kuacha kuzitegemea zile zilizokuja na zabibu kutoka shambani.

Faida ya chachu safi ni kubwa na hakuna sababu ya kuibeza. Lakini usafi huo uliandamana na lugha, na lugha ilikuwa na matokeo. Chachu zote zisizotoka kwenye chupa ziliitwa chachu za mwitu. Vitabu vya utengenezaji wa mvinyo vilizijadili katika sura za kasoro: zinatoa harufu ya siki, zinatoa kileo kidogo, zinakufa mapema. Hayo yalikuwa kweli kwa kiasi kikubwa, maana kazi waliyopimiwa ilikuwa kazi ya ghala. Hakuna aliyezipima kwa kazi yoyote ya shambani.

Kisa cha Müller-Thurgau kinastahili kutazamwa kwa utulivu zaidi. Mwaka 1888 alichapisha utafiti mrefu kuhusu kile ambacho Wajerumani hukiita uozo wa kiungwana. Kuvu iitwayo Botrytis cinerea, hali ya hewa ikiwa na umande wa asubuhi na jua la mchana, hutoboa ganda la zabibu zilizoiva; maji hupotea, asidi hupungua, na sukari inayobaki hujikusanya. Mvinyo mtamu wa Tokaj nchini Hungaria, wa Sauternes nchini Ufaransa na wa bonde la Rhine hutokana na zabibu hizo zilizosinyaa. Mvua ikizidi, kuvu hiyohiyo huwa ukungu wa kijivu unaomaliza kichala kizima kwa siku chache. Müller-Thurgau, basi, alikuwa mtu mmoja mwenye ujuzi wa chachu na ujuzi wa Botrytis, katika taasisi moja, katika muongo mmoja. Ikiwa kulikuwa na mahali ambapo swali la uhusiano wa viumbe hao wawili juu ya ganda lingeweza kuulizwa, basi ni Geisenheim. Halikuulizwa. Kwake yeye, Botrytis ilikuwa suala la fiziolojia ya tunda, na chachu ilikuwa suala la pipa.

Msomaji aweza kupinga kwamba ni uonevu kumlaumu mtu wa 1888 kwa kutouliza swali la 1988. Pingamizi hilo lingekuwa na nguvu kama wazo la kiumbe mdogo kumzuia mwenzake lingekuwa bado halijulikani. Lilikuwa limekwisha kuchapishwa. Mwaka 1877 Pasteur na Jules Joubert waliripoti kwamba bakteria wa kawaida wanaweza kuzuia ukuaji wa bakteria wa kimeta. Wazo lilikuwepo katika tiba ya wanyama na binadamu. Lilichokosa ni mlango wa kuingilia shamba la mizabibu.

Rangi nyekundu

Ushahidi ulio wazi zaidi wa mgawanyo huo unapatikana katika historia ya chachu moja ndogo, Metschnikowia pulcherrima. Jenasi yake imepewa jina kwa heshima ya Élie Metchnikoff, aliyeichunguza mwaka 1884 chachu ya ukoo huo iliyokuwa ikiwashambulia viroboto maji. Spishi hii huishi kwenye matunda matamu, maua na wadudu, na ni miongoni mwa chachu zinazopatikana sana kwenye zabibu. Ghalani hufa mapema, kileo kinapoanza kupanda, na kwa hiyo watengenezaji wa mvinyo hawakuiona kuwa na maana.

Ina sifa moja ya kuvutia macho: ikioteshwa maabara hutoa rangi nyekundu ya damu ya mzee. Mwaka 1918, Martinus Beijerinck wa Delft, Uholanzi, alionyesha kwamba rangi hiyo inahusiana na madini ya chuma yaliyomo katika chakula cha chachu. Mwaka 1953, Albert Kluyver na wenzake, hukohuko Delft, waliichambua rangi yenyewe, iitwayo pulkerimini. Kufikia hapo jambo lilikuwa limejulikana vizuri: chachu hutoa asidi inayotoka nje ya seli, asidi hiyo huyakamata madini ya chuma yaliyo karibu na kuyafunga katika rangi isiyoyeyuka.

Sasa, kila kuvu inahitaji chuma ili spora yake iote. Ukiyafunga madini ya chuma yaliyo katika kidonda cha tunda, spora hulala bila kuota. Hatua hii ya mwisho ya hoja haihitaji kifaa ambacho hakikuwepo mwaka 1953. Inahitaji tu mtu anayeijua rangi akutane na mtu anayeijua kuvu. Ilipofika mwaka 2006, Matthias Sipiczki wa Chuo Kikuu cha Debrecen aliripoti kwamba aina za Metschnikowia alizozipata kwenye zabibu zilizoshambuliwa na Botrytis huko Tokaj ziliizuia Botrytis na kuvu nyingine, na kwamba kizuizi hicho kilitoweka chuma kilipoongezwa kwenye chakula cha maabara. Kati ya Beijerinck na Sipiczki ni miaka 88. Inafaa pia kuangalia mahali palipotoa chachu hizo. Zilitoka kwenye matunda ambayo ukungu ulikuwa umekwisha kuyatwaa, katika eneo ambalo ukungu huo ndio fahari ya mvinyo wake. Mlinzi na mvamizi walikuwa wakiishi kwenye punje moja ya zabibu muda wote huo.

Usugu na kurudi kwa swali

Kilicholirudisha swali hakikuwa udadisi wa kinadharia. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kundi jipya la viuakuvu, lenye benomili kama dawa yake mashuhuri, liliingia sokoni na kupokelewa kwa shangwe kwa kuwa liliingia ndani ya tishu za mmea. Mwaka 1971 usugu wa Botrytis dhidi yake uliripotiwa tayari nchini Uholanzi, kwenye mabanda ya maua. Kundi lililofuata katikati ya miaka ya 1970 lilipata hatima hiyohiyo kwenye mizabibu ya Ulaya baada ya miaka michache. Botrytis huzaa spora kwa wingi usiohesabika na hubadilika haraka. Dawa inayoshambulia sehemu moja tu ya seli yake haidumu.

Shinikizo la pili lilitoka kwa walaji. Zabibu za mezani za California zilikuwa zikifukizwa kwa dioksidi ya salfa tangu miaka ya 1920 ili zisiote ukungu njiani. Mwaka 1986, baada ya watu wenye pumu kudhurika, serikali ya Marekani ilipiga marufuku matumizi ya salfaiti kwenye matunda na mboga mbichi zinazouzwa kwa walaji. Zabibu zilibaki na utaratibu wake maalumu, wenye ukomo wa masalia wa sehemu 10 kwa milioni. Mwaka 1987 Baraza la Taifa la Utafiti la nchi hiyo lilitoa ripoti iliyoeleza kwamba, katika hatari ya saratani iliyokadiriwa kutokana na viuatilifu vilivyomo kwenye chakula, takriban asilimia 60 ilitokana na viuakuvu. Ghafla, wataalamu waliozoea kuuliza ni dawa gani inayoua zaidi walijikuta wakiulizwa ni nini kinaweza kuchukua nafasi ya dawa.

Hapo ndipo linapoingia jaribio ambalo, kwa maoni ya mwandishi wa insha hii, linastahili kuwekwa kando ya lile la Arbois. Charles Wilson wa kituo cha utafiti wa matunda cha Kearneysville, Virginia Magharibi, na Edo Chalutz wa Kituo cha Volcani nchini Israeli, waliosha machungwa na kuyamwaga maji ya kuoshea kwenye sahani za maabara. Maji mazito, yasiyochanganywa, yaliotesha bakteria na chachu tu. Maji yaleyale yalipozimuliwa kwa maji safi, kuvu za uozo zilijitokeza. Spora za kuvu zilikuwepo tangu awali, ila zilikuwa zimekandamizwa na wingi wa majirani zake. Walipopunguzwa majirani, zikaota. Ushahidi mwingine uliendana na huo: machungwa yaliyooshwa yalioza mapema kuliko yasiyooshwa. Matokeo hayo yalichapishwa mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwaka 1990.

Pasteur aliwaondoa wakazi wa ganda ili kuonyesha kwamba bila wao hakuna uchachu. Wilson na Chalutz waliwapunguza wakazi wa ganda wakaonyesha kwamba bila wao kuna uozo. Majaribio haya mawili yana umbo moja. Lile la pili halikuhitaji hata hadubini bora kuliko ya Pasteur.

Utafiti ulihamia kwenye zabibu karibu mara moja. Mwaka 1991 watafiti wa Israeli, akiwemo Samir Droby, waliripoti kwamba chachu zilizonyunyizwa kwenye vichala vya zabibu za mezani kabla na baada ya kuvuna zilipunguza uozo wa Botrytis na wa Rhizopus. Mwaka 2001 Cletus Kurtzman na Droby walieleza spishi mpya, Metschnikowia fructicola, waliyoipata kwenye zabibu zenyewe, na bidhaa ya kibiashara ikatengenezwa kutokana nayo. Kabla yake, mwaka 1995, bidhaa iliyoitwa Aspire, iliyotokana na chachu ya Candida oleophila, ilikuwa imesajiliwa nchini Marekani kwa ajili ya matunda yaliyovunwa.

Aspire iliondolewa sokoni baada ya miaka kadhaa. Kushindwa kwake kunafundisha kuliko kufaulu kwa nyingine. Chachu haitibu. Kuvu ikishaingia ndani ya tunda, chachu iliyoko juu ya ganda haina la kufanya. Kazi yake ni kufika kwenye kidonda mapema, kukila kile ambacho spora ingekila, na kukijaza kidonda hadi pasiwe na nafasi. Katika chumba cha maabara, ambako kidonda hutobolewa kwa sindano saa moja na chachu hutiwa saa inayofuata, mambo hayo hutimia. Kwenye ghala la biashara matunda hufika na vidonda vya siku tofauti, na mnunuzi aliyezoea dawa inayofika asilimia 95 haridhiki na chachu inayofika 70 leo na 50 kesho.

Je, ni chachu za mvinyo?

Mpaka hapa insha imetumia maneno chachu za mvinyo kana kwamba maana yake haina utata. Utata upo, na ni mkubwa. Mwaka 1999, Robert Mortimer na Mario Polsinelli walichapisha uchunguzi wa zabibu, punje kwa punje. Katika punje nzima zisizo na jeraha, takriban moja tu katika kila elfu moja ilikuwa na Saccharomyces cerevisiae. Katika punje zilizopasuka, takriban moja katika kila nne. Chachu maarufu kuliko zote za mvinyo, basi, ni mgeni nadra kwenye ganda zima. Huja jeraha linapofunguka na sukari inapovuja. Mwaka 2012 timu ya watafiti wa Italia ilionyesha kwamba nyigu huihifadhi chachu hiyo tumboni mwao wakati wa baridi na kuirudisha kwenye zabibu msimu unaofuata, jambo linaloeleza kwa nini jeraha na chachu huambatana.

Wakazi wa kudumu wa ganda ni wengine: Aureobasidium pullulans, Hanseniaspora, Metschnikowia. Hawa ndio waliopewa jina la chachu za mwitu na vitabu vya ghala, na ndio walioonyesha uwezo mkubwa zaidi wa kuzuia ukungu. Aureobasidium, ambayo kwa usahihi ni kuvu inayofanana na chachu, imetengenezewa bidhaa inayonyunyizwa kwenye mizabibu dhidi ya Botrytis. Watafiti wa Graz, Austria, waliripoti mwaka 2011 kwamba kuvu hiyo ilikuwa nyingi zaidi kwenye zabibu za kilimo hai kuliko zile za kilimo cha kawaida, ingawa wakulima wa kilimo hai nao hutumia salfa na shaba. Inaelekea imejifunza kuishi na dawa za 1854 na 1885.

Saccharomyces yenyewe haikukosa sehemu yake, lakini iliipata kwa njia za pembeni. Mwaka 1963, E. A. Bevan na M. Makower walitangaza kwamba baadhi ya aina za chachu hiyo hutoa sumu inayoziua chachu za aina nyingine. Ugunduzi huo uliamsha matumaini ya silaha dhidi ya kuvu, ingawa sumu hizo kwa kawaida hushambulia jamaa wa karibu wa chachu kuliko kuvu zenye nyuzi. Baadaye ilibainika pia kwamba hewa inayotolewa na chachu inapochachuka, mbali na kileo, ina viambato vinavyozuia spora kuota. Na mwaka 2015 Umoja wa Ulaya uliidhinisha serevisani, kitu kilichotengenezwa kutokana na kuta za seli za Saccharomyces cerevisiae, kitumike kwenye mizabibu dhidi ya ubwiri na ukungu wa kijivu. Serevisani haina chachu hai ndani yake. Mmea huzitambua kuta hizo kama dalili ya kuvamiwa na kuvu, ukaanza kujihami kabla ya mvamizi halisi kufika. Undugu uliotajwa mwanzoni, wa chachu kuwa kuvu, ndio unaoifanya hila hii iwezekane. Mwaka uliofuata, 2016, aina moja ya Saccharomyces ikiwa hai nayo iliidhinishwa katika orodha hiyohiyo ya vitu vyenye hatari ndogo.

Mwandishi anaona kwamba jina la chachu za mvinyo limedumu katika fasihi ya udhibiti wa kibayolojia kwa sababu za ushawishi zaidi ya sababu za sayansi. Chachu ya mvinyo inasikika salama, maana watu wamekunywa kazi yake kwa maelfu ya miaka. Mtafiti anayeomba kibali cha kunyunyiza kiumbe hai juu ya chakula anahitaji ukoo unaoheshimika.

Sumu isiyoonekana

Kuna sababu moja iliyofanya mjadala huu uvuke mipaka ya hasara ya mkulima. Mwaka 1965 watafiti wa Afrika Kusini waliripoti sumu waliyoiita okratoksini, iliyotolewa na kuvu ya Aspergillus ochraceus. Sumu hiyo hudhuru figo. Katikati ya miaka ya 1990 ilipatikana kwenye mvinyo, na ikabainika kwamba mzalishaji wake mkuu katika nchi za joto za Mediterania ni Aspergillus carbonarius, kuvu nyeusi inayopenda jua na zabibu zilizopasuka. Mwaka 2005 Umoja wa Ulaya uliweka ukomo wa mikrogramu 2 kwa kila kilo ya mvinyo. Chachu zimethibitika kusaidia hapa kwa namna mbili: shambani huzuia kuvu hiyo isishike, na ghalani kuta za seli zake huinasa sumu na kushuka nayo kwenye masimbi ya chini ya pipa. Ni mahali pachache ambapo chachu ya shamba na chachu ya ghala zinaandikwa katika ukurasa mmoja.

Kwa mwandishi wa insha hii, aliyekulia Dodoma, habari ya kuvu inayopenda joto haisomwi kama habari ya mbali. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, na mavuno yanayoangukia mvua ndiyo yanayoleta huzuni. Nimewahi kukaa na wanawake wanaochambua vichala alfajiri kabla ya gari la mnunuzi kufika. Mikono yao hupita juu ya kichala kama mtu anayepepeta mchele. Punje iliyopasuka hutolewa, na kama ukungu umeshika katikati, kichala kizima hutupwa kwenye ndoo ya pembeni. Mnunuzi hakilipii. Ndoo hiyo, jua likipanda, huanza kutoa povu na harufu ya pombe. Chachu zimo humo, pamoja na ukungu, na spishi zake ni za udongo na hewa ya Dodoma. Bidhaa za chachu zinazouzwa leo zilitokana na matunda ya Israeli, Ulaya na Amerika, na zilijaribiwa kwa joto na mvua za huko. Mkulima wa Dodoma akizinunua, atakuwa analeta kwa meli kile ambacho ndoo yake huitoa kila msimu. Kuzitenga chachu hizo na kuzijaribu dhidi ya kuvu za mahali hapo kunahitaji sahani za maabara, sukari, na mtu mwenye subira ya kuhesabu punje zilizooza na zilizosalimika, pamoja na makubaliano na wakulima kuhusu siku za kupulizia salfa, kwa kuwa chachu iliyonyunyizwa leo haifai kufuatwa na salfa kesho.